Kamba, vigingi na kuba: Jiometri ya Wagiriki ilivyoingia kanisani

MWEZI jana nilimtazama fundi mmoja akipima msingi wa nyumba ya jirani yangu. Alikuwa na vigingi, nyundo na kamba ya nailoni. Alipofika kwenye pembe, alipima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha akasogeza kigingi hadi umbali kati ya alama zile mbili ukawa mita 5 kamili. “Sasa kona imekaa skwea, Prof,” akaniambia. Nilimuuliza alifunzwa na nani. Akasema ni marehemu mjomba wake, ambaye naye alikuwa fundi.

Jina la Pythagoras hakulitaja, na wala halikuhitajika. Ukuta utasimama vilevile. Lakini tendo lile dogo lilinirudisha kwenye mjadala mkali uliozuka baina yangu na wanafunzi wangu wa uzamili kuhusu makanisa makuu ya karne za kwanza za Enzi za Kati. Je, jiometri tunayoiona katika majengo yale ilitoka kwenye vitabu vya Wagiriki, au ilitoka kwenye kamba ya fundi ambaye hakuwahi kufungua kitabu?

Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu kile anachokiita “jiometri takatifu”: namba za siri, uwiano wa dhahabu, maumbo yenye maana fiche. Mwingine alishikilia kwamba Kanisa liliizika elimu ya Wagiriki, na kwamba majengo yale ni kazi ya mafundi tu. Kwa maoni yangu, wote wawili walikosea. Tofauti ni kwamba yule wa pili alikosea kwa sababu yangu mimi.

Kwa miaka mingi darasani nilisimulia hivi: mnamo 529 Kaisari Justinian alipiga marufuku ufundishaji wa falsafa mjini Athens, pazia likashuka, hisabati ya Wagiriki ikalala usingizi hadi Waarabu walipoiamsha kule Baghdad katika karne ya 9. Ni hadithi tamu kwa kuwa ina mhalifu, ina maiti na ina mwokozi. Taabu yake ni kwamba miaka 3 tu baadaye, Kaisari huyohuyo alipotaka kujenga kanisa kubwa kuliko yote, aliwaita walimu wawili wa jiometri.

Kanisa lenyewe ni Hagia Sophia, yaani Hekima Takatifu, katika mji wa Konstantinopoli ambao leo ni Istanbul. Mnamo Januari 532, mashabiki wa mashindano ya magari ya farasi waliungana dhidi ya Kaisari katika ghasia zinazojulikana kama Nika, wakachoma sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa lililokuwapo. Ghasia zilizimwa kwa damu nyingi. Majivu hayajapoa vizuri, Februari 23, ujenzi mpya ukaanza. Kanisa lilizinduliwa Desemba 27, 537. Hesabu mwenyewe: haikutimu hata miaka 6. Hapa kwetu kuna barabara za kilomita chache zilizochukua muda mrefu zaidi.

Walioitwa ni Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, miji miwili iliyokuwa magharibi mwa nchi tunayoiita Uturuki. Wanahistoria wa wakati huo hawakuwaita mafundi. Neno lililotumiwa ni la Kigiriki, mechanikos, nalo lilikuwa na maana mahususi. Pappus wa Alexandria, aliyeandika katika karne ya 4, anaeleza kuwa mtu wa namna hiyo alitakiwa kujua jiometri, hesabu na elimu ya nyota kwa upande wa nadharia, na kwa upande wa mikono ajue uhunzi, ujenzi, useremala na uchoraji.

Kiswahili kina neno linalolingana nalo ajabu. Mhandisi. Tumelipata kutoka Kiarabu, ambako handasa ni jiometri na muhandis ni mtu wa jiometri. Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Kwa hivyo tunapomwita mtu mhandisi tunasema, bila kujua, kwamba yeye ni mwanajiometri. Anthemius na Isidore walikuwa wahandisi kwa maana hiyo ya asili kabisa.

Tunajuaje kuwa walisoma vitabu kwelikweli? Hapa ushahidi ni mtamu. Anthemius aliandika kitabu kuhusu mitambo ya ajabu, na sehemu yake iliyosalia inahusu vioo vya kuchoma kwa miali ya jua. Anauliza: nawezaje kuufanya mwali wa jua utue mahali palepale saa yoyote na msimu wowote? Jibu lake ni kioo chenye umbo la duaradufu, naye anaeleza namna ya kulichora: piga vigingi viwili, zungusha kitanzi cha kamba, kaza kwa ncha ya kalamu na uizungushe. Watunza bustani wanaotaka kitalu chenye umbo la yai hufanya hivyo hadi leo. Tofauti ni kuwa Anthemius anatoa sababu ya kihisabati ya kwa nini kamba ile inatii.

Mwanahisabati Eutocius wa Ascalon alimtunukia Anthemius ufafanuzi wake wa kitabu cha Apollonius kuhusu mikato ya pia. Eutocius huyohuyo alifafanua maandishi ya Archimedes kuhusu tufe na silinda, na mwishoni mwa ufafanuzi huo pana dokezo kwamba toleo hilo lilihaririwa na Isidore wa Miletus, mhandisi, “mwalimu wetu”. Isidore pia aliandika ufafanuzi wa kitabu cha Hero wa Alexandria kuhusu ujenzi wa mapaa ya matao, na humo akaeleza bikari aliyoibuni ya kuchorea parabola. Vitabu vyote viwili, cha Hero na ufafanuzi wake, vimepotea. Laiti ningepewa nafasi ya kufufua kitabu kimoja cha kale, ningewaacha wenzangu wa fasihi na tamthilia zao zilizopotea nikachukua hicho.

Agathias, aliyeandika historia kizazi kimoja baadaye, ana kisa kuhusu Anthemius ambacho kinanuka chumvi kidogo. Eti aligombana na jirani yake, mwanasheria aliyeitwa Zeno. Basi akaweka masufuria ya maji katika chumba cha chini, akayaunganisha kwa mipira ya ngozi na boriti za nyumba ya Zeno, akawasha moto. Mvuke ukatikisa nyumba, na Zeno akakimbilia nje akidhani ni tetemeko la ardhi. Kisa kiwe kweli au porojo, kinatuonyesha watu wa wakati ule walimwona vipi: msomi ambaye usingependa kumchokoza.

Sasa tuje kwenye jengo. Warumi walijua kujenga makuba tangu zamani. Pantheon ya Roma, iliyokamilika mnamo miaka ya 120, ina kuba lenye kipenyo cha mita 43, kubwa kuliko la Hagia Sophia. Lakini kuba hilo limekaa juu ya ukuta wa duara, unene wake karibu mita 6. Duara juu ya duara. Hapo hakuna kitendawili. Kanisa la Justinian lilitaka kitu kingine: chini pawe na mraba ulio wazi ili watu wakusanyike na maandamano ya ibada yapite, na juu pawe na kuba. Utakalishaje duara juu ya mraba? Kwenye pembe nne patabaki mapengo.

Hebu chukua chungwa. Likate katikati uweke nusu moja mezani, upande uliokatwa ukiwa chini. Kwa kisu, kata pande nne wima ili ukilitazama kutoka juu uone mraba ambao pembe zake zinafika ukingoni. Kila ulipokata patakuwa na nusu duara. Hayo ndiyo matao yako manne. Sasa kata kipande cha juu, usawa wa vilele vya matao hayo. Utapata duara. Toa nyama ya ndani. Kilichobaki ni pembetatu nne zilizopinda, zinazoanza kwa ncha kwenye pembe za mraba na kupanuka kuelekea juu hadi kushikana mikono katika duara. Juu ya duara hilo, funika bakuli. Hilo ndilo kuba.

Kiswahili bado hakijazipa pembetatu hizo jina, nami sitalibuni leo. Linalonivutia ni kwamba ukipiga hesabu, nusukipenyo cha kila tao na nusukipenyo cha duara la juu ni kimoja: nusu ya upande wa mraba. Duara lilelile linajirudia mara tano, mara nne limesimama na mara moja limelala. Na kwa nini kila ulipokata pakawa duara? Kwa sababu tufe likikatwa kwa bapa, popote pale, mkato wake ni duara. Hiyo ndiyo hoja ya kwanza kabisa katika kitabu cha Theodosius kuhusu tufe, kilichosomwa na kila mwanafunzi wa elimu ya nyota zama hizo.

Majengo madogo yenye pembetatu za namna hii yalikuwapo kabla ya Hagia Sophia, na mafundi waliweza kuyajenga kwa macho na uzoefu. Ila hapa upande wa mraba ni futi 100 za Kibizanti, karibu mita 31, na kilele cha kuba kiko zaidi ya mita 55 kutoka sakafuni. Kwa ukubwa huo, macho hayatoshi.

Chukua ulalo wa mraba huo, yaani mstari wa kona hadi kona. Nusu yake ndiyo nusukipenyo cha tufe lote linalozaa zile pembetatu zilizopinda. Fundi atasema: vuta kamba kona hadi kona, ikunje katikati, kazi kwisha. Ni kweli, ukiwa ardhini. Huwezi kuvuta kamba kati ya vilele vya nguzo ambazo hazijajengwa, na huwezi kuchonga mbao za kushikilia matao bila namba. Nayo namba ina ukaidi, kwa kuwa Wagiriki walikuwa wamethibitisha zamani kwamba ulalo wa mraba hauwezi kuandikwa kikamilifu kama sehemu ya namba nzima. Utapata makadirio tu.

Theon wa Smyrna, katika karne ya 2, alieleza ngazi ya makadirio hayo. Ukianza na upande 5, ulalo ni 7. Jumlisha upande na ulalo, upate upande mpya: 12. Zidisha upande wa zamani mara mbili, uongeze ulalo wake, upate ulalo mpya: 17. Endelea hivyo na utapata 29 na 41, kisha 70 na 99. Angalia hii ya mwisho: 70 mara 70 mara 2 ni 9,800, na 99 mara 99 ni 9,801. Imekosa kwa moja tu!

Nilikaa usiku mmoja na kikokotoo nikajaribu namba hizi kwenye mraba wa mita 31. Anayetumia 7 kwa 5 atakosea ulalo kwa takriban sentimita 44. Anayetumia 17 kwa 12 atakosea kwa sentimita 7 na ushei. Anayetumia 99 kwa 70 atakosea kwa milimita 2. Kuna watafiti wa kisasa wanaoamini kuwa wanaziona namba hizo katika vipimo vya sakafu ya Hagia Sophia. Hata tukiwaacha watafiti hao kando, hoja yangu inabaki. Sentimita 44 kwenye nyumba ya vyumba vitatu fundi ataziona na kuzirekebisha. Kwenye matao yaliyo juu kuliko jumba la orofa kumi, zinaua. Nafasi kati ya sentimita 44 na milimita 2 ndiyo mchango wa kitabu.

Hii ndiyo sababu simkubalii yule mwanafunzi wangu wa jiometri takatifu. Procopius alilieleza jengo hilo kwa kirefu, naye Agathias akalizungumzia baadaye. Hakuna kati yao anayetaja uwiano wa siri. Wanachokizungumzia ni nguzo, matao, uzito na hofu.

Na hofu ilikuwapo. Procopius anasimulia kuwa tao la mashariki lilipokuwa likijengwa kutoka pande zote mbili, kabla halijafungwa katikati, nguzo zilizolibeba zilianza kupasuka. Anthemius na Isidore walikata tamaa, wakaenda kwa Kaisari. Naye akawaamuru waendelee hadi tao lifungwe, kwa kuwa likishajifunga litajibeba lenyewe. Procopius anasema ni Mungu aliyempa Kaisari jibu hilo. Mimi nimesoma sifa za kutosha za wakuu wa nchi kujua namna wazo la mtaalamu linavyohamia kinywani mwa mkubwa. Ushauri wenyewe lakini ulikuwa sahihi, na tao lilifungwa.

Mahali penye taabu palikuwa kwingine. Kuba la kwanza lilikuwa bapa kuliko tunaloliona sasa. Kijiometri lilipendeza mno, kwa kuwa lilikaribia kuendeleza mkunjo wa zile pembetatu za chini. Lakini kuba bapa husukuma kwa nguvu zaidi kuelekea nje, kama mtu aliyepanua miguu kwenye sakafu inayoteleza. Juu ya hayo, kazi ilikwenda mbio. Chokaa kati ya matofali ilipakwa nene, mara nyingi nene kuliko tofali lenyewe, na chokaa ya aina ile hukauka polepole. Nguzo zikaanza kuinamia nje kabla hazijapata nguvu zake. Matetemeko ya ardhi ya 553 na 557 yakamalizia kazi. Mnamo Mei 7, 558, sehemu ya kuba ilianguka.

Anthemius alikuwa ameshafariki. Aliyeitwa ni Isidore Mdogo, mpwa wa yule wa kwanza. Huyu alilijenga kuba upya, akalinyanyua kwa takriban mita 6 ili uzito ushuke chini zaidi na usukume kando kidogo. Kanisa likafunguliwa tena Desemba 562. Wasomi wa Kigiriki walikuwa na nadharia safi ya maumbo, naye Archimedes alikuwa amewaachia hoja za mizani na vitovu vya uzito. Lakini hakuna kitabu hata kimoja kilichoweza kumwambia Anthemius chokaa mbichi itabonyea kiasi gani chini ya tao la mita 31. Hilo angeweza kuambiwa na mtu kama mjomba wa yule fundi wetu, iwapo angeulizwa, na iwapo Kaisari asingekuwa na haraka.

Magharibi mambo yalikwenda kinyume. Huko kitabu kamili cha Euclid hakikuwapo kwa Kilatini. Palikuwa na vipande tu, hasa vilivyohusishwa na Boethius, na miongozo ya wapima ardhi wa Kirumi. Tafsiri kamili ilikuja katika karne ya 12, Adelard wa Bath alipomtafsiri Euclid kutoka Kiarabu. Na bado Charlemagne alijenga kanisa lake kule Aachen, Ujerumani ya leo, likawekwa wakfu mnamo 805: katikati pembenane, na ukuta wa nje wa pande 16. Mfano wake ulikuwa San Vitale ya Ravenna, kanisa la pembenane lililowekwa wakfu mnamo 547, wakati wa Justinian huyohuyo. Ili upate pembenane hakuna haja ya kumsoma Euclid. Chora mraba, pima nusu ya ulalo, na kutoka kila kona tia alama kwa urefu huo kwenye pande mbili zinazokutana pale. Unganisha alama nane. Kamba inatosha. Aachen ni jiometri ya Wagiriki iliyofika bila vitabu, ikiwa imebebwa na jengo na mikono ya mafundi.

Niliyoyasema hadi hapa yanahusu deni la kanisa kwa jiometri. Lipo deni linaloelekea upande wa pili, nalo ndilo lililonifanya niifute ile hadithi yangu ya 529. Archimedes alikuwa mgumu kusomeka hata kwa Wagiriki wenyewe, na kazi ngumu isiyonakiliwa hupotea. Wale wasomi wa Konstantinopoli walimkusanya, wakamfafanua, wakamhariri. Katika karne za 9 na 10 maandishi yake yalinakiliwa tena mjini humo. Nakala moja ya karne ya 10 ilikwanguliwa na kasisi mnamo 1229, na juu yake pakaandikwa sala. Mnamo 1906 Johan Heiberg wa Denmark aliitambua, akasoma chini ya sala hizo kitabu cha Archimedes ambacho kilidhaniwa kimepotea, kikiwemo kipengele kinachohusu umbo linalopatikana silinda mbili zinapokatana ndani ya mchemraba. Hero alikuwa ameshaandika kwamba hesabu ya umbo hilo inawafaa wajengao mapaa ya matao.

Kuba la leo lenyewe si duara kamili tena. Upande wa magharibi ulianguka mnamo 989 ukajengwa na Trdat, Mwarmenia. Upande wa mashariki ukaanguka mnamo 1346 ukajengwa upya. Kaskazini na kusini bado ni kazi ya Isidore Mdogo. Ami yake, aliyeanzisha yote, jina lake halijachongwa juu ya kuba. Limesalia katika sentensi moja fupi mwishoni mwa ufafanuzi wa kitabu cha Archimedes.